Waliozidishiwa na Waliopunjwa

Kuna maneno mawili ya dukani ambayo hapa barazani kwetu Dunda, Bagamoyo, yamehamia kwenye muziki: kuzidishiwa na kupunjwa. Mwenye duka akipima mchele kwa kibaba akaacha kilele bila kukifuta, amekuzidishia. Akitia kidole gumba ndani ya kibaba wakati wa kupima, amekupunja. Wazee wenzangu husema fulani "kazidishiwa" wakimaanisha kwamba sifa alizopewa zimepita kazi aliyoifanya, na fulani "kapunjwa" wakimaanisha kinyume chake. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 36, na sijapata kukutana na istilahi ya uhakiki iliyo safi kuliko hiyo. Ubora wake ni kwamba inamleta mwenye kibaba mbele ya kesi. Sifa haizidi wala haipungui yenyewe, yuko aliyepima.

Kesi yetu kubwa ni ya wapiga magitaa. Huisikiliza baada ya sala ya alasiri, kwa kahawa chungu na kashata, na mpaka leo haijatolewa hukumu. Wakongo nao wana ya kwao: wamegombana juu ya Franco na Dokta Nico tangu mimi sijabalehe, Nico alifariki mwaka 1985, Franco akamfuata mwaka 1989, na ugomvi ungali mzima wa afya. Mahakama yetu ni ndogo. Kuna nahodha mstaafu wa jahazi, kuna fundi cherehani ambaye hukubaliana na mtu wa mwisho kusema, kuna kijana mmoja aliyesoma Taasisi ya Sanaa na Utamaduni hapa mjini (sisi wazee bado tunaiita Chuo cha Sanaa, jina lake la mwaka 1981) ambaye hupiga gitaa kwenye hoteli za ufukweni, nipo mimi, na alikuwapo kaka yangu, seremala, aliyenizidi miaka minane. Kaka hakuwa msemaji. Alikaa mwisho wa benchi, upande wa kivuli, akasikiliza.

Siku ninayotaka kuizungumzia, ni kijana aliyeanza.

"Shikamooni wazee wangu. Leo nina neno, na naomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mnipige. Mbaraka Mwinshehe kazidishiwa."

Nahodha aliweka kikombe chini. Fundi cherehani alitazama huku na huku kuona upepo unavumia wapi.

Hoja ya kijana haikuwa ya kipuuzi. Alisema wanaomwita Mbaraka mpiga gitaa mkuu kuliko wote hawakutajii hata kipande kimoja cha gitaa alichokipiga. Wanakutajia kifo chake. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa, akiwa na miaka 34. Mtu akifa kijana, akasema, kibaba chake hakifutwi. Akamtaja na Salum Abdallah wa Cuban Marimba, naye wa Morogoro, naye aliyefariki kwa ajali, mwaka 1965.

Naikumbuka habari ile ya Januari. Nilikuwa kijana wa miaka 20, nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, na redio tuliiwasha kwa ajili ya Kagera. Kumbe taarifa iliyotuliza watu mtaani kwetu haikutoka Kagera. Kwa hiyo nilimjibu kijana kwa hasira kidogo, lakini nilipokuwa nikimjibu niligundua kwamba nusu ya maneno yake nilikubaliana nayo. Mbaraka kazidishiwa katika hadithi na kupunjwa katika vidole. Alitunga, akaimba, akaongoza bendi, kwanza Morogoro Jazz kisha Super Volcano, na solo akapiga mwenyewe. Sisi Waswahili muziki tunausikiliza kwa sikio la shairi. Tunafuata maneno kwanza. Wimbo kama "Shida" ukishatuingia kwa maneno yake, gitaa tunalihesabu kuwa nakshi ya mlango. Msikilize tena, msomaji wangu, ukijilazimisha kuyaacha maneno. Gitaa lake haliipandi sauti yake. Sauti ikimaliza mshororo ndipo gitaa linapojibu, tena kwa ufupi, kama mtu na nduguye wanaojibizana kwa mashairi, isipokuwa wote wawili ni yeye.

Kijana akasema, "Basi, Mwalimu, umenipa nusu."

"Nimekupa robo," nikamwambia.

Nahodha yeye ana watu wake, wale waliotoka Kongo wakatia nanga Dar es Salaam: Nguza wa Orchestra Maquis, na hasa Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12, ambalo nahodha hulisifia kwa kusema ni mtu mmoja anayetoa kelele ya watu wawili. Sina ugomvi na Kasheba. Nyuzi 12 zina utamu wa asali, na asali huisifu hata asiyejua kupika. Fundi cherehani alimtaja Patrick Balisidya wa Afro 70, nami nilikubali upesi kwamba kapunjwa: mtu aliyepiga, akaimba, akatunga, akaenda hadi Uswidi kurekodi na wanamuziki wa huko, na leo vijana wanajua sauti yake bila kujua kwamba mkono uliokuwa kwenye gitaa ulikuwa wake pia. Na ukivuka mpaka kuna Fundi Konde wa pwani ya Kenya, mmoja wa wa kwanza katika ukanda huu kupiga gitaa la umeme, ambaye Bagamoyo nzima sijui kama utapata watu watano wanaomtaja.

Lakini mtu wangu ni Saidi Mabera. Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Katika Dar es Salaam ya miaka ile habari ilikuwa kuhama. Ilipoundwa DDC Mlimani Park mwaka 1978, mji mzima ulizungumza nani kaenda na nani kabaki: Muhidin Maalim Gurumo, Abel Balthazar, na kiongozi wao Michael Enoch, ambaye enzi za Dar es Salaam Jazz alikuwa bingwa wa solo na baadaye akashika saksafoni bila kinyongo. Enoch walimwita "Teacher", maana mkononi mwake walipita wapigaji wengi, na sifa za wengi hao ni zake. Lakini hapo nina upendeleo wa kikazi, nauacha. Mabera hakuhama. NUTA Jazz ikawa JUWATA, JUWATA ikawa OTTU, OTTU ikawa Msondo Ngoma, jina likabadilika juu ya bango, na lile gitaa likabaki palepale. Anayebaki hatangazwi. Ndiyo maana nikasema: kapunjwa kuliko wote.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini mwalimu akishapata darasa linalosikiliza, huongeza mfano. Kijana aliuliza, kwa adabu tu, mbona katika orodha zetu zote hatujamtaja hata mpiga ridhimu mmoja. Yeye mwenyewe aliwataka watu wamsikilize Abdallah Gama wa Mlimani Park. Nami, kwa sauti ileile niliyoipandisha kwa ajili ya Mabera, nikasema:

"Ridhimu ni kazi ya mkono, haina kichwa. Ukipata mtu asiyechoka haraka, umepata mpiga ridhimu."

Watu walicheka. Ilikuwa sentensi iliyokaa vizuri, nilikuwa nayo siku nyingi. Kaka yangu alimalizia kahawa yake, akakigeuza kikombe kifudifudi juu ya sinia kama kawaida yake, akasema, "Haya, jioni njema," akaondoka.

Kaka yangu alipiga ridhimu katika bendi moja ya Dar es Salaam kuanzia mwaka 1972 hadi 1979.

Sikusahau. Hilo ndilo gumu kulieleza. Nililijua kama ninavyojua kwamba aliwahi kuugua surua. Ni jambo lililompata, likapita. Bendi ile, kama nyingi za wakati huo, ilikuwa mali ya shirika. Shirika lilimlipa mwanamuziki mshahara na kumpa chombo cha kupigia, na chombo kilibaki kuwa cha shirika kama taipureta ilivyokuwa ya ofisi. Alipoondoka aliliweka gitaa stoo, akatia sahihi kwenye daftari, akapanda gari kuja nyumbani na mkoba mmoja. Baada ya vita hata nyuzi zilikuwa adimu, sembuse gitaa. Akajifunza useremala. Milango miwili mitatu ya mtaani kwetu ni kazi ya mikono yake. Kwa miaka 40 hakuwa na gitaa ndani ya nyumba, na mimi sikuwahi kumuuliza kama analitamani.

Bendi ile ilikuja kupiga hapa Bagamoyo mwaka 1975. Walifika usiku, lori likiwa limekwama mara mbili njiani, maana kabla ya lami safari ya kutoka Bunju na Mapinga kuja huku ilikuwa ya kusukumana mchangani. Nilikuwa na miaka 17 na nilipewa nafasi ya mbele kwa sababu ya kaka. Nikakaa mbele. Nikamtazama mpiga solo usiku kucha. Kaka alisimama nyuma, karibu na ngoma, uso wake umeelekea kwa mpiga besi. Miaka mitano baadaye, nikiwa Chuo cha Ualimu Chang'ombe, tulitembea kwa miguu Jumamosi hadi kumbi za Ilala na Kariakoo, na kila mara nilifanya vilevile: nilisogea upande wa solo.

Siku ya pili baada ya neno langu hakuja barazani. Ya tatu hakuja. Nikajiambia ana mlango wa mteja. Siku ya nne binti yake alinipigia simu: "Baba mdogo, njoo. Baba kaanguka." Ilikuwa kiharusi. Sisemi kwamba neno langu ndilo lililomwangusha. Presha alikuwa nayo miaka mingi, na dawa alikuwa akizimeza siku anazokumbuka. Lakini usiku ule hospitalini sikuweza kuzuia hesabu ya siku.

Alirudi nyumbani baada ya wiki mbili. Mkono wa kushoto ukawa mzito, maneno yakawa yanatoka moja moja. Jioni moja tulikuwa wawili, akaniuliza kama simu yangu ina nyimbo za zamani. Akautaja mmoja. Niliujua vizuri, kipande cha solo cha wimbo ule nilikuwa nikikiimba kwa mdomo bafuni. Nikauweka, simu nikailaza juu ya mto. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Mimi simo humo."

"Kumbe hukuwamo?"

"Nimo. Simu haina mimi."

Nilielewa baadaye nilipouweka tena. Spika ya simu hutoa sauti ya mwimbaji na nyuzi nyembamba za solo. Besi hupotea, na ridhimu hubaki kama mvua ya mbali. Mpwa wangu alileta hedifoni. Kaka alikataa kuzivaa; alitaka nizivae mimi.

Wasomaji vijana yafaa wajue nyimbo hizo zilivyonaswa. Karibu kila bendi ya Tanzania Bara ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, wote wakipiga kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta na ngoma, kwa vipaza sauti vichache, na kilichopigwa ndicho kilichobaki kwenye utepe. Hapakuwa na kumwita mtu kesho aje arekebishe kipande chake. Aliyesimama karibu na kipaza sauti alisikika zaidi. Basi kumbe hata kibaba tulichokitumia kupimia kilishapimwa na mtu mwingine, siku moja, kwa kupanga watu chumbani.

Nikavaa, nikafumba macho. Ilinichukua muda kuitafuta ridhimu, maana sikio langu lilikuwa limezoea kuirukia. Kisha nikaipata: mzunguko mfupi wa noti, unaorudi, unaorudi, kama mtu anayesuka ukili. Kaka alikuwa akinitazama usoni. Kabla ya ubeti wa pili, aliinua kidole cha mkono wa kulia.

Mwimbaji aliwahi. Alianza ubeti kabla ya zamu yake, kama nusu pumzi mbele. Ukisikiliza kwa makini, ngoma inayumba kidogo. Na hapo ridhimu inaukata mzunguko wake katikati, inaacha noti mbili chini, na inaanza upya palepale mwimbaji alipo, kwa utulivu, kana kwamba ndivyo walivyopatana. Besi inamfuata. Ngoma inamfuata besi. Kufikia mshororo wa pili wote wako pamoja, na nimeusikiliza wimbo ule zaidi ya miaka 40 bila kujua kwamba uliponea chupuchupu. Solo niliyokuwa nikiiimba bafuni inaingia baada ya hapo, na inaingia kwa wakati kwa sababu kuna mtu aliyeutengeneza huo wakati.

Wenye kughani mashairi watanielewa. Ukikutana na mshororo uliopungua mzani mmoja katika ukwapi, mghani hodari hasimami kumlaumu mtunzi. Huivuta silabi iliyo karibu, utao ukafika ulipotakiwa kufika, na wasikilizaji wakampongeza mtunzi kwa mizani yake 16.

"Nani alijua?" nikamuuliza.

"Mpiga besi. Alinitazama."

"Na kiongozi wa bendi?"

Alichukua muda. "Kiongozi alimsifu mpiga solo."

Nikasema, "Kaka, siku ile barazani..." Akaunyanyua tena ule mkono wa kulia.

"Ulisema maneno ya mtu aliyekaa mbele," akasema. Halafu, pole pole, akipumzika kila baada ya maneno machache, akanipa hukumu yake katika kesi yetu, ambayo hakuna aliyewahi kumwomba. Waliozidishiwa, alisema, ni wao wote waliorekodiwa. Yeye mwenyewe akiwemo. Aliyemfundisha alikuwa Mkwere mmoja wa huko njia ya Msata, mpiga gitaa kavu wa kwenye harusi, ambaye hakupata kuingia studio yoyote. Mzee yule hakumfundisha kwa kumshikisha gitaa. Alimkalisha uani, nyuma ya wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu, akamwambia apige makofi pale ambapo hakuna mchi unaoshuka. Alifanya hivyo siku tatu. Ya nne ndipo akapewa gitaa.

"Huyo," kaka akasema, "mpimeni na nani?"

Nilipeleka ushahidi barazani. Tulizipitisha hedifoni mtu kwa mtu kama sinia ya ubani. Nahodha aliipata ridhimu mara ya tatu, akaapa kwamba angeipata ya kwanza kama si pikipiki zinazopita. Fundi cherehani alisikiliza mara nne, akazivua, akasema kwa unyoofu ambao sikuutarajia kwake, "Mimi sisikii kitu, jamani." Nilikiri mbele yao sentensi yangu, na kwamba ilikuwa mbaya kwa sababu ilikuwa tamu. Nikaongeza jambo moja la kilugha, ambalo ndilo lililonifanya niliandike hili hapa badala ya kuliacha kwenye benchi. Kwa mpiga solo Kiswahili kina vitenzi tele: hulicharaza gitaa, hulikung'uta, hulipapasa, hulitekenya, hulifanya lilie. Kwa mpiga ridhimu tuna kimoja tu: hupiga. Nilijaribu kutafuta kingine. Nahodha alipendekeza "kushikilia", kama mtu wa usukani anavyoushikilia mkondo usiku. Fundi alipendekeza "kupindia", kazi ya upindo wa nguo ambao ukionekana ujue fundi kaharibu. Mwenye neno bora alilete.

Kijana hakupendekeza kitu. Kesho yake alikwenda kwa kaka na gitaa lake la hotelini. Nilimkuta pale jioni. Walikuwa wamekaa kwenye mkeka, gitaa limelala mapajani mwao wote wawili: kijana akibana nyuzi kwa mkono wake wa kushoto, kaka akizipiga kwa wa kulia. Haikuwa na uzuri. Mikono ya watu wawili haijui kupumua pamoja kwa siku moja, na kila walipobadilisha kodi palitokea kishindo, wakacheka, wakaanza tena. Mpwa wangu alileta chai ikapoa. Nilipokaribia kuaga walikuwa wamefikia mzunguko ule wa wimbo wetu, au kitu kinachofanana nao, na kijana, kwa haraka za ujana, alihamisha vidole kabla ya wakati.

Kaka alisimamisha mkono.

"Unawahi," akamwambia. "Tena."